Nani hawezi kushika leseni ya utangazaji: mwongozo kamili wa kujipima kabla ya kuomba

Mwombaji wa leseni ya redio au televisheni anaweza kuhangaika mwaka mzima na mnara, mtambo wa kurushia matangazo na ratiba ya vipindi, kisha ombi lake likakwama kwenye kurasa mbili tu: zile zinazouliza kampuni ni ya nani. Hapo hakuna fundi wa kumwokoa. Kama sheria inasema mtu wa aina yake hawezi kushika leseni, uzuri wa studio hauingii kwenye mizani.

Mwongozo huu ni wa kujipima kabla mdhibiti hajakupima. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mifano iliyomo humu imetoka katika nchi kadhaa ili uone jinsi kanuni moja inavyovaa sura mbalimbali. Mpangilio wa kazi, hata hivyo, ni uleule popote ulipo: unaanza na aina ya leseni, unapanda hadi kwa binadamu wenye mali, unapiga hesabu, halafu unauliza swali gumu kuliko yote, yaani nani hasa ana neno la mwisho.

Nyaraka za kuwa nazo mezani

Usianze bila hizi: daftari la wanahisa lililosasishwa, katiba ya kampuni, mkataba wa wanahisa, mikataba yote ya mikopo na dhamana, mikataba ya ununuzi wa vipindi, na orodha ya wakurugenzi pamoja na uraia wa kila mmoja na vyeo vyake vyote nje ya kampuni. Kama juu yako kuna kampuni mama, unahitaji nyaraka hizohizo za kampuni mama, na za iliyo juu yake pia. Watu wengi hukusanya daftari la wanahisa na katiba, basi. Matatizo mengi yamejificha kwenye mkataba wa wanahisa na mkataba wa mkopo, na hiyo ndiyo mdhibiti makini atakayoiomba kwanza.

Hatua ya 1: Jua ni leseni gani hasa

Neno "leseni ya utangazaji" hufunika mambo mengi, na vizuizi hubadilika kwa kila aina. Uingereza ni mfano mzuri: taasisi ya dini haiwezi kabisa kushika leseni ya redio ya kitaifa ya analojia, wala ya televisheni za Channel 3 na Channel 5, lakini inaweza kuomba leseni nyingine iwapo Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, itaridhika kwamba inafaa. Marekani, redio za FM za nguvu ndogo hutolewa kwa mashirika yasiyo ya faida na taasisi za umma tu. Mfanyabiashara hata awe raia mwema namna gani hapati. Redio ya jamii karibu kila mahali ina masharti yake: iwe mali ya jamii, isigawe faida, isiwe ya mtu mmoja.

Kwa hiyo andika juu ya karatasi aina kamili ya leseni kama inavyotajwa kwenye sheria, kisha tafuta vifungu vinavyoitaja aina hiyo. Kujibu swali la leseni nyingine ni kosa linalogharimu muda mrefu kwa sababu hugunduliwa mwishoni.

Angalia pia kama leseni ya masafa na leseni ya maudhui ni kitu kimoja au viwili. Zikitenganishwa, kila moja huwa na orodha yake ya watu waliozuiwa, na kufaulu kwenye moja hakukupitishi kwenye nyingine. Katika shauri la Centro Europa 7 dhidi ya Italia, lililoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2012, kampuni ilikuwa na leseni ya televisheni ya kitaifa lakini ilikaa karibu miaka 10 bila masafa ya kurushia. Mahakama ilisema haki yake ilikuwa imevunjwa, lakini miaka yenyewe hairudi.

Hatua ya 2: Chora mti wa umiliki mpaka ufike kwa binadamu

Chukua karatasi kubwa. Chini kabisa weka kampuni itakayoshika leseni. Juu yake weka kila mwanahisa, hata mwenye asilimia 1. Kila mwanahisa ambaye ni kampuni, mfuko au amana, panda juu yake tena. Usisimame mpaka kila tawi liishie kwa mtu mwenye damu na mwili, serikali, au taasisi isiyo na wanahisa, kama chama au kanisa.

Kwa kila mstari andika namba mbili: asilimia ya mtaji na asilimia ya kura. Hizi mbili mara nyingi hazilingani. Mtu anaweza kuwa ametoa asilimia 15 ya mtaji lakini hisa zake ni za daraja lenye kura nyingi, akawa na asilimia 30 ya kura. Sheria zingine hupima mtaji, zingine kura, na zingine, kama ya Marekani, hupima vyote viwili kila kimoja peke yake.

Tawi linaloishia kwa wakala au mdhamini halijaisha. Mdhamini anashika hisa kwa niaba ya nani? Nani anaweza kumwondoa? Huyo ndiye mmiliki manufaa, na ndiye anayehesabiwa. Kinachoharibu maombi mengi ni yule mmiliki wa jina, yaani raia aliyewekwa kwenye daftari ili asilimia zikae sawa, huku fedha zikitoka kwa mwingine na barua ya siri ikisema hisa zitarudishwa zikiombwa. Barua ya namna hiyo ikipatikana, tatizo linaacha kuwa la asilimia na linakuwa la udanganyifu, nalo halirekebishiki.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ugeni

Kizuizi cha uraia ndicho cha zamani kuliko vyote. Sheria ya redio ya Marekani ya 1912 tayari iliwapa leseni raia na kampuni za nchi hiyo tu, wakati redio ilikuwa bado chombo cha meli na majeshi, na hofu ilikuwa jasusi mwenye mtambo. Hofu hiyo imepungua nguvu lakini kifungu kimebaki. Mwaka 1985 Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari mzaliwa wa Australia, alichukua uraia wa Marekani ili aweze kununua vituo vya televisheni huko.

Hesabu yenyewe ina mtego, na ni vyema tuupitie kwa mfano. Mwekezaji wa kigeni ana asilimia 40 ya Kampuni Mama. Kampuni Mama ina asilimia 60 ya Kampuni ya Redio, ambayo ndiyo itakayoshika leseni. Wanahisa wengine wote ni raia. Ukizidisha 0.40 kwa 0.60 unapata 0.24, yaani asilimia 24. Je, umepita?

Marekani, kifungu cha 310(b) cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinaweka dari mbili: asilimia 20 kwa hisa za wageni zilizo moja kwa moja ndani ya mwenye leseni, na asilimia 25 kwa hisa zao ndani ya kampuni inayomdhibiti mwenye leseni. Kampuni Mama ina asilimia 60, kwa hiyo inadhibiti. Hapo huzidishi, unatazama ugeni ndani ya Kampuni Mama yenyewe, ambao ni asilimia 40. Umevuka 25. Dari hii ya pili ina mlango: tume ya mawasiliano, FCC, inaweza kuruhusu kiwango cha juu zaidi ikiona hakuna madhara kwa umma, lakini ruhusa huombwa kabla ya mpango kutekelezwa.

Kanada, raia wanatakiwa kuwa na angalau asilimia 80 ya kura ndani ya mwenye leseni na theluthi mbili ya kura ndani ya kampuni mama. Mgeni mwenye 40 ndani ya kampuni mama amevuka theluthi moja iliyobaki, kwa hiyo Kampuni Mama haihesabiwi kuwa ya Kikanada, na asilimia zake 60 zote zinaanguka upande wa wageni. Kanada pia inadai mtendaji mkuu awe raia na asilimia 80 ya wakurugenzi wawe raia. Ukitumia nafasi zote mbili kikamilifu, wageni wanaweza kufikia asilimia 46.7 kwa jumla (20, ukiongeza theluthi moja ya 80), lakini kila ngazi lazima ipite mtihani wake.

Afrika Kusini, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya 2005 inaweka dari ya asilimia 20, ya moja kwa moja au kupitia wengine, kwa utangazaji wa kibiashara. Hata ile 24 uliyoipata kwa kuzidisha haipiti. Uingereza nako, kizuizi cha uraia kiliondolewa na sheria ya 2003, kwa hiyo muundo uleule unapita hatua hii bila swali lolote.

Kampuni moja, majibu manne tofauti. Kanuni ya kubeba ni hii: usizidishe mpaka umejua kama sheria yako inaruhusu kuzidisha, na palipo na mnyororo wa udhibiti, yaani zaidi ya asilimia 50, chukulia kwamba hairuhusu hadi usome kinyume chake.

Neno moja kuhusu mianya. Poland ina dari ya asilimia 49 kwa wageni, lakini kampuni za Eneo la Kiuchumi la Ulaya hazihesabiwi kuwa wageni, kwa hiyo mwekezaji wa Marekani alikimiliki kituo cha televisheni cha TVN kupitia kampuni iliyosajiliwa Uholanzi. Mwaka 2021 bunge lilipitisha muswada wa kuuziba mwanya huo. Rais aliukataa mwezi Desemba. Kituo kilinusurika, ila ni vizuri kukumbuka kwamba biashara nzima ilikuwa imening'inia kwenye saini ya mtu mmoja. Ukijenga juu ya mwanya, weka pembeni mpango wa siku utakapozibwa.

Hatua ya 4: Tafuta udhibiti usioonekana kwenye hisa

Asilimia ni mwanzo tu. Sheria ya Uingereza inasema mtu anadhibiti kampuni akiwa na zaidi ya nusu ya hisa au kura, au hata akiwa na pungufu ya hapo, iwapo ni jambo la kutarajiwa kwamba ataweza kufanya mambo yaende atakavyo. Australia inachukulia kwamba mwenye zaidi ya asilimia 15 ya kampuni yuko kwenye nafasi ya kuidhibiti. Kwa hiyo pitia mikataba yako ukitafuta mambo haya.

Kwanza, kura ya turufu. Mwanahisa mdogo akiwa na haki ya kuzuia kampuni isivunjwe, isitoe hisa mpya za kumpunguzia sehemu yake, au isibadilishe katiba, hiyo ni kinga ya kawaida na kwa desturi haihesabiwi kuwa udhibiti. Lakini akiwa na haki ya kuzuia bajeti ya mwaka, uteuzi wa mtendaji mkuu au mhariri mkuu, au mpangilio wa vipindi, sasa ameshika usukani hata kama ana asilimia 10. Mstari uko hapo: kulinda fedha zake ni halali, kuendesha kituo ni jambo lingine.

Pili, madeni. Mkopeshaji anayeweza kugeuza mkopo kuwa hisa, au aliyewekewa hisa zote kama dhamana, anaweza kuwa mmiliki kesho asubuhi. FCC ina kipimo cha wazi: mtu akishikilia zaidi ya asilimia 33 ya jumla ya mali za kituo, ukijumlisha mtaji na deni, na wakati huohuo akawa ndiye anayekipatia zaidi ya asilimia 15 ya saa za vipindi kwa wiki, anahesabiwa kuwa na maslahi ya umiliki. Hata kama hutaomba leseni Marekani, kipimo hiki ni kizuri cha kujipimia, kwa sababu kinashika yule mtu ambaye hana hisa hata moja lakini bila yeye kituo kinazimika.

Tatu, mkataba wa uendeshaji. Kampuni ya pili inaajiri wafanyakazi, inauza matangazo ya biashara, inalipa kodi ya studio, na mwenye leseni anapokea ada ya mwezi. Kwenye karatasi leseni ni yake. Kwa vitendo ameikodisha, na kukodisha leseni ni marufuku katika nchi nyingi.

Hatua ya 5: Pitia orodha ya waliozuiwa, jina kwa jina

Sasa rudi kwenye mti wako na ulipitishe kila jina kwenye orodha ya sheria. Usiishie kwa wanahisa. Wakurugenzi nao wamo.

Vyama vya siasa ndio waliozuiwa kwa upana zaidi. Kenya, sheria ya habari na mawasiliano inakiondoa chama cha siasa moja kwa moja, na katiba ya 2010 katika ibara ya 34 inataka taratibu za leseni zenyewe ziwe huru dhidi ya serikali, siasa na biashara. Nigeria inavizuia vyama na taasisi za dini kwa pamoja. Afrika Kusini inazuia chama, vuguvugu au muungano wowote wenye sura ya kichama. Uingereza inakwenda mbali zaidi: kinachozuiwa ni chombo ambacho malengo yake ni ya kisiasa kabisa au zaidi, vikiwemo vikundi vya kushinikiza mabadiliko ya sheria, na pia mtu mmoja mmoja mwenye wadhifa ndani ya chombo kama hicho. Hapa ndipo waombaji hushikwa: mkurugenzi anajiona mfanyabiashara tu, kumbe ni mweka hazina wa chama. Muulize kila mmoja kwa maandishi, na apokee swali hilo tena kila mwaka.

Si kila mahakama inakubali marufuku ya jumla, hata hivyo. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitengua sheria ya jimbo la Hesse iliyovikataza vyama kuwa na hisa yoyote, hata ndogo, kwenye utangazaji binafsi. Ilisema inaruhusiwa kuwazuia wasipate ushawishi wa kuamua, lakini kuwazuia moja kwa moja ni kupita kiasi. Kama tatizo lako ni sehemu ndogo ya chama ndani ya mfuko wa uwekezaji ulio mbali kwenye mti, hoja ya aina hii inastahili kusemwa.

Serikali na halmashauri: nchi nyingi huzuia serikali za kigeni kabisa, kama kifungu cha 310(a) cha Marekani, na kadhaa huzuia hata serikali za ndani. Kanada ina agizo lake linalowaondoa mawakala wa serikali, huku ikiacha nafasi kwa utangazaji wa elimu. Kinachosumbua ni vyombo vinavyoishi kwa ruzuku. Uingereza ina kipimo kwa baadhi ya leseni za redio: chombo kilichopata zaidi ya nusu ya mapato yake ya mwaka wa fedha uliopita kutoka fedha za umma kinaweza kuzuiwa. Shirika linalotegemea ruzuku lifanye hesabu hiyo kabla ya kuomba, maana mwaka mmoja wa ruzuku kubwa unatosha kuliangusha.

Dini: hapa dunia imegawanyika. Marekani, taasisi za dini zinashika leseni nyingi. Nigeria, hapana. Kwingine njia inayotumika ni kampuni ya waumini, ambayo ni ya halali kama kweli waumini wanaiendesha, na ni bandia kama askofu au shehe anaidhinisha kila senti.

Mawakala wa matangazo ya biashara nao wamo kwenye orodha ya Uingereza na ya redio za FM za binafsi nchini India. Sababu ni rahisi: anayenunua muda wa hewani kwa niaba ya wateja asiwe ndiye anayeuuza.

Mwisho, rekodi ya mtu mwenyewe. Muflisi, asiye na akili timamu, aliyehukumiwa kwa makosa ya udanganyifu. Kuna moja ambalo wapenzi wa redio hulisahau: Uingereza, mtu aliyetiwa hatiani kwa kurusha matangazo bila leseni amezuiwa kwa miaka 5. Wale wanaowasha mtambo "kwa majaribio" kabla ya kibali wanachezea haki yao yote kwa wiki chache za sauti.

Zaidi ya orodha kuna kipimo kipana cha kufaa na uadilifu, ambacho hakihitaji hukumu ya mahakama. Kwa kipimo hicho Ofcom iliifutia RT, televisheni ya serikali ya Urusi, leseni tarehe 18 Machi 2022.

Hatua ya 6: Hesabu vituo ulivyonavyo tayari

Hata mtu safi anaweza kuzuiwa kwa sababu ana vingi. Marekani, mmiliki mmoja hawezi kufikia zaidi ya asilimia 39 ya kaya za nchi kwa televisheni, na kwenye soko kubwa lenye redio 45 au zaidi anaruhusiwa redio 8, zisizozidi 5 kwenye FM au 5 kwenye AM. Ujerumani inapima hadhira: asilimia 30 ya watazamaji wa mwaka huleta dhana ya kutawala maoni ya umma. Uingereza, mwenye magazeti yenye asilimia 20 au zaidi ya soko la kitaifa hawezi kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya leseni ya Channel 3.

Hii ndiyo sehemu ya sheria inayobadilika haraka kuliko zote, na makala za zamani hupotosha. Australia iliondoa mwaka 2017 kanuni iliyomzuia mtu kushika televisheni, redio na gazeti kwa pamoja sehemu moja. Mwaka huohuo FCC iliondoa marufuku yake ya tangu 1975 dhidi ya mtu mmoja kumiliki gazeti na kituo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiunga mkono mwaka 2021. Soma sheria yenye marekebisho, na andika tarehe uliyoisoma.

Hatua ya 7: Nani anaamua kinachokwenda hewani?

Ukipewa nafasi ya kutumia siku moja tu kwenye mwongozo huu, itumie hapa. Leseni lazima ishikwe na yule anayeamua maudhui. Si msambazaji, si ofisi ya uwakilishi, si kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya anwani.

Press TV, televisheni ya serikali ya Iran, ilifutiwa leseni Uingereza Januari 2012. Leseni ilikuwa ya kampuni ya London, lakini Ofcom ilibaini kwamba maamuzi ya uhariri yalifanyika Tehran. Mwaka 2021, tarehe 4 Februari, ilikuwa zamu ya CGTN, televisheni ya serikali ya China. Mwenye leseni, Star China Media Limited, alikuwa msambazaji asiye na mamlaka juu ya vipindi. Ombi la kuihamishia leseni kampuni iliyokuwa ikiviandaa lilikataliwa pia, kwa sababu kampuni hiyo ingehesabiwa kuwa chini ya Chama cha Kikomunisti cha China, na chombo cha kisiasa hakiruhusiwi. Tazama jinsi mitego miwili ilivyokutana: aliyekuwa na leseni hakuwa na udhibiti, na aliyekuwa na udhibiti hakuweza kupewa leseni. Ukiona muundo wako unafanana na huo, simamisha ombi.

Jipime hivi. Saa kumi na moja alfajiri habari ya kwanza ikabidi ibadilishwe, nani anapigiwa simu? Ameajiriwa na nani? Anaweza kukataa kipindi kilicholetwa na mwekezaji bila kuomba ruhusa? Kama majibu yanaelekea nje ya mwenye leseni, rekebisha mkataba wa vipindi uwe na kifungu kinachompa mwenye leseni haki ya kukataa, kukata au kubadilisha kipindi chochote bila kulipa fidia, na mhariri mkuu aajiriwe na kampuni yenye leseni. Kisha itumie haki hiyo na uweke kumbukumbu, maana kifungu ambacho hakijawahi kutumika hakimshawishi mtu.

Hatua ya 8: Rekebisha kabla ya kuwasilisha

Mdhibiti hupima hali ilivyo, si ahadi. Kama mgeni anatakiwa kupunguza hisa, uhamisho usajiliwe kwanza. Kama mkurugenzi ana wadhifa wa chama, barua ya kujiuzulu iwe na tarehe na muhuri wa kupokelewa na chama.

Njia zinazokubalika kwa kawaida ni kuuza hisa kwa mtu asiyehusiana nawe, kugeuza hisa kuwa zisizo na kura (pale sheria inapopima kura pekee), kufuta vifungu vya turufu vinavyogusa uendeshaji, au kubadilisha mkopo wa kugeuka hisa uwe mkopo wa kawaida. Zinazofeli ni kumhamishia mwenza, mtoto au dereva wako. Sheria nyingi huwahesabu kama mtu mmoja wale wanaotenda kwa mapatano, na bei ya uhamisho humuumbua mwenye nayo: hisa zenye thamani zilizouzwa bure hazijauzwa.

Ukiwa na kampuni iliyo kwenye soko la hisa, weka dari yako ya ndani pointi 3 hadi 5 chini ya ile ya sheria. Hisa hununuliwa kila siku na hutajua mgeni ameingia mpaka baadaye. Weka pia kifungu kwenye katiba ya kampuni kinachowapa wakurugenzi uwezo wa kukataa kusajili uhamisho, kusimamisha kura, na kulazimisha hisa za ziada ziuzwe. Bila kifungu hicho utaona kosa likitokea ukiwa umefungwa mikono.

Hatua ya 9: Jaza fomu kwa ukweli kamili

Ambatanisha mti wako wote wa umiliki hata kama fomu inauliza ngazi moja. Kitu chenye utata kiandikie maelezo mwenyewe. Kikigunduliwa na mdhibiti kitasomwa kwa jicho lingine.

Kampuni ya utangazaji ya Marekani, RKO General, ilikuwa na mlolongo wa tuhuma, yakiwemo makosa ya kampuni mama. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya Marekani iliziweka kando sababu nyingine, ikakubali inyimwe leseni ya televisheni ya Boston kwa jambo moja: haikuwa mkweli mbele ya tume. Kosa lenyewe linaweza kusameheka. Kulificha kunageuka kosa jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Hatua ya 10: Baada ya kupewa

Masharti ya mwenye leseni hayaishi siku ya kupewa. Marekani, kifungu cha 310(d) kinakataza udhibiti kuhama bila idhini ya awali, na kanuni za namna hiyo zipo kwingi. Weka kalenda ya mambo yanayohitaji taarifa au kibali: hisa kuvuka kizingiti, mkurugenzi mpya, mkopo mpya wenye dhamana ya hisa, kifo cha mwanahisa mkuu. La mwisho husahaulika. Warithi wanaweza kuwa raia wa nchi nyingine. Mkataba wa mkopo nao uwe na kifungu kwamba benki haitachukua hisa za dhamana bila mdhibiti kuridhia, la sivyo siku ukishindwa kulipa unapoteza kituo na leseni kwa pamoja.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Mwaka 2007, katika shauri la Glas Nadezhda dhidi ya Bulgaria, lililohusu redio ya Kikristo mjini Sofia, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kunyima leseni bila kutoa sababu, huku mahakama za ndani zikikataa kuuchunguza uamuzi, kulivunja uhuru wa kujieleza. Barua ya sababu ndiyo msingi wa rufaa yako, na muda wa kukata rufaa mara nyingi huanza kuhesabiwa tangu siku ya uamuzi, si siku ulipoelezwa kwa nini.